Kula, Kuliwa na Kutegemezana: Viumbe wa Kisesa na Ziwa Lao

1. Utangulizi

Kisesa ipo katika wilaya ya Magu, mwendo wa kilometa 20 hivi mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji, tena ni walaji wa samaki wa Ziwa Victoria lililo karibu. Hivyo Mkristo wa hapa huishi kwa shamba, zizi na ziwa kwa pamoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi viumbe hai wanavyohusiana, na kuonyesha kwamba amgusaye kiumbe mmoja huwagusa wengi ambao hakuwakusudia. Jambo hili lamhusu mchungaji, kwa maana mahubiri juu ya uumbaji yasiyoujua uhusiano huo huishia katika sifa tupu.

2. Namna nne za uhusiano

Mfumo wa ikolojia ni jumla ya viumbe wote wa mahali fulani, pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga wanavyovitumia. Ndani yake mahusiano ni mengi, tutataja manne.

La kwanza ni kula na kuliwa. Panzi hula majani, na yangeyange afuataye ng'ombe humla panzi anayefurushwa na kwato. La pili ni ushindani: magugu na mahindi hugombea maji na rutuba ile ile. La tatu ni unyonyaji. Kiduha hushikamana na mizizi ya mtama au mahindi na kuanza kunyonya chini ya ardhi, hata kabla mkulima hajaliona ua lake. La nne ni kutegemezana. Katika vinundu vya mizizi ya dengu na choroko wamo bakteria waipatiao mimea naitrojeni itokayo hewani, nayo mimea huwalipa sukari.

Mahusiano haya hayasimami kila moja peke yake. Yamefungamana kama nyuzi za wavu: ukivuta fundo moja, mengine husogea. Mfano ulio wazi kuliko yote tunao ziwani.

3. Furu na sangara

Zamani samaki wengi wa ziwa hili walikuwa furu, samaki wadogo wa aina zaidi ya 500. Waligawana kazi kwa namna ya ajabu: wengine walikula mwani, wengine mabaki yaliyozama matopeni, wengine konokono, wadudu au samaki wachanga. Kwa njia hiyo karibu kila chakula kilichokuwamo majini kilikuwa na mlaji wake.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alipandikizwa ziwani ili kuongeza mavuno ya uvuvi, ingawa baadhi ya wataalamu walionya. Kwa miaka mingi hakuonekana kwa wingi. Kisha katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na katika Ghuba ya Mwanza furu wakatoweka karibu kabisa katika maji ya wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi hapo tangu mwaka 1977, waliyashuhudia mabadiliko hayo.

Sababu mojawapo ni uzazi. Furu jike hutaga mayai machache na huyalinda kinywani mwake. Sangara mkubwa hutaga mamilioni. Anayezaa wachache huweza kudumu mahali penye maadui wachache tu.

Basi wavu mzima ukasogea. Dagaa na uduvi waliongezeka. Mdiria, ndege aliyezoea kuvua furu, akageukia dagaa. Sangara naye, alipokosa furu, alikula uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Nchi kavu nayo iliguswa: nyama ya sangara ina mafuta mengi, haikauki vizuri juani kama dagaa, hivyo wengi waliikausha kwa moshi, na kuni zikakatwa vilimani. Ndivyo samaki alivyoufikia mti.

Wakati huo huo udongo na rutuba kutoka mashambani, pamoja na uchafu wa miji, vilizidi kuingia ziwani. Mwani ukastawi na maji yakawa machafu. Utafiti uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha matokeo yasiyotazamiwa. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Majini pasipopenya mwanga wa kutosha rangi hazionekani vema, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika. Hivyo jembe la mlimani laweza kuharibu ndoa za samaki.

Hata hivyo haitupasi kumfanya sangara kuwa shetani. Amewapa wengi kazi na ada za shule. Tena, alipovuliwa sana, baadhi ya furu walirudi kuanzia miaka ya 1990. Lakini si wote waliorudi.

4. Gugu maji na fukusi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, ulifika ziwani. Huko kwao wapo fukusi waulao; huku haukuwa na adui. Uliziba bandari na mialo. Katika miaka ya 1990 fukusi hao waliletwa, na gugu likapungua sana kufikia mwisho wa miaka hiyo, ingawa bado hujitokeza hapa na pale.

Sangara na fukusi wote ni wageni walioletwa na binadamu. Tofauti ni kwamba fukusi walichunguzwa kwanza kama wangekula mimea mingine. Kwa hiyo kosa halimo katika kuugusa uumbaji, bali katika kuugusa pasipo kuuliza.

5. Hitimisho

Katika Zaburi ya 104 simba atafutaye mawindo anapokea chakula chake kwa Mungu. Kwa hiyo kula na kuliwa kusituudhi. Katika Mwanzo 2:15 binadamu anapewa kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Nayo Katekisimo Ndogo, ikieleza ibara ya kwanza ya imani, inaniweka mimi na viumbe vyote katika sentensi moja. Asiyejua viumbe hivyo vinavyoishi pamoja ataitunzaje bustani?

Basi mchungaji aulizwapo na mvuvi juu ya nyavu za macho madogo, au na mkulima juu ya kulima hadi ukingo wa mto, asijibu kwa haraka kwamba Mungu atajalia. Na aulize pamoja nao: kiumbe huyu anamla nani? Analiwa na nani? Anamtegemeza nani? Maswali hayo matatu hayatoshi kuliokoa ziwa, lakini pasipo hayo hatuwezi kusema kwamba tunalitunza.