"Nakala" na "Kupashana": Jinsi Saraka za Mitandao Zinavyopatanishwa Baina ya Vituo

Asemaye "nakala" amekwisha kukiri kwamba ipo asili mahali fulani, na kwamba asili hiyo ndiyo yenye haki pindi maandishi mawili yanapotofautiana. Katika mambo ya hati hayo ni kweli. Lakini neno hilo hilo hutumika sasa kueleza jinsi saraka za mitandao ya kompyuta zinavyowekwa sawa baina ya mji na mji, na huko, kwa maoni yangu, lapoteza watu. Yafaa tueleze kwanza kazi yenyewe, kisha tulipime neno.

Saraka ni daftari la mtandao. Huorodhesha watumishi, mashine, maneno ya siri, na ruhusa za kila mmoja; mtumishi afunguapo kompyuta asubuhi, ndiyo inayoulizwa kama yeye ndiye. Tuchukue mfano wa idara yenye makao makuu Dar es Salaam na ofisi Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, wafika Tunduma na kuunganishwa hapo na njia za Zambia. Basi yawezekana kila swali likapelekwa Dar es Salaam likajibiwe huko. Lakini siku njia ikikatika hakuna karani wa Tunduma atakayeingia kazini, na foleni ya malori haingoji mafundi. Kwa hiyo saraka huwekwa pande zote mbili, na shida huwa ni kuzipatanisha.

Utaratibu wa kale ulilingana na neno letu. Katika Windows NT seva kuu moja tu ndiyo iliyoandikwa. Nyingine zilipokea na kusomwa. Kanuni za majina ya intaneti za mwaka 1987 ni za namna hiyo pia: orodha kuu ina nambari ya toleo, seva za pili huitazama nambari hiyo kila baada ya muda, na zikiona imepanda huchukua orodha mpya. Wasomaji wa jarida hili wanao mfano wa karibu zaidi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliamua usanifu wa maneno mahali pamoja, na Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja zikapelekewa.

Active Directory ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2000, iliacha njia hiyo. Humo, ukiondoa kazi chache maalumu, kila seva yaweza kuandikwa, na kila seva huhesabu mabadiliko yake kwa nambari zipandazo. Ile ya Dar es Salaam haiombi daftari zima, huiambia ya Tunduma, kana kwamba ni mtu: "Nimekwisha kupokea yako hadi 5120, nipe yaliyofuata." Ikiwa kilichobadilika ni nambari ya simu ya mtumishi, hiyo tu ndiyo ipitayo njiani, si jina lake wala cheo chake. Ndani ya kituo kimoja habari hufika kwa sekunde chache. Baina ya vituo hungoja zamu, ambayo isiporekebishwa ni dakika 180, wala ratiba haikubali chini ya 15.

Dakika hizo si jambo dogo. Karani aliyefungiwa ruhusa Dar es Salaam saa tatu asubuhi aweza bado kuingia Tunduma hadi kukaribia saa sita, kwa kuwa saraka iliyo karibu naye haijapata habari.

Na wawili wakiandika jambo moja? Tuseme nambari ya simu ilibadilishwa Dar es Salaam mara mbili, saa nne kamili na saa nne na dakika kumi. Tunduma wakaibadilisha mara moja, saa nne na dakika ishirini. Mtu angedhani la mwisho ndilo litakaloshika. Sivyo. Kila badiliko huongeza nambari ya toleo la habari hiyo, na Dar es Salaam imekwisha kufika toleo la tatu hali Tunduma iko la pili. Ya Dar es Salaam yashinda. Saa huulizwa matoleo yakilingana tu. Saa nazo zikilingana, hutazamwa utambulisho wa seva, jambo lisilo na haki wala dhuluma ndani yake. Kilichoshindwa hutoweka kimya, wala aliyekiandika haambiwi.

Hapo ndipo neno "nakala" linapodhuru. Fundi wa Tunduma aliyefunzwa kwalo hudhani asili iko makao makuu, akaona yake ni kivuli tu. Ilhali siku nyingine ni Tunduma itakayoandika mara nyingi zaidi, na makosa yake yataenea hadi pwani. "Kurudufisha," lipendwalo siku hizi, si dawa: lasema viko viwili, halisemi nani ampa nani. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendana, na kitenzi kiko tayari: tunapashana habari. Basi napendekeza "kupashana mabadiliko," na "kunakili" libakie kwa utaratibu wa kale. Wanyamwanga wa Tunduma na wenzao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hupashana maneno mapya hivyo hivyo, wala haulizwi upande wenye asili. Ila wao hawana nambari za matoleo.

Gumu kuliko yote ni kufuta. Seva ikilifuta jina na kulisahau papo hapo, haitakuwa na habari ya kumpasha mwenzake. Kwa hiyo jina huachiwa alama, ambayo mafundi huiita jiwe la kaburi, na alama hiyo ndiyo ipitishwayo. Katika Windows 2000 ilidumu siku 60; baadaye ikawa 180. Seva ya Tunduma ikizimwa muda mrefu kuliko huo, hurudi na majina ambayo wenzake wamesahau hata makaburi yake. Haya yastahili kuitwa vizuka. Seva hiyo haifai kupashana tena na wengine. Huvuliwa cheo, na daftari lake hujengwa upya lote kutoka kwa mwenzake. Na hapo, kwa mara hiyo moja, lapatikana jambo ambalo ni nakala kweli.