Mambo? Sawa! Simu inavyowarejeshea tumaini wanaoishi na HIV Nairobi

KILA Jumatatu asubuhi, kati ya mwaka 2007 na 2009, simu za mamia ya wagonjwa nchini zilikuwa zikilia na kuonyesha ujumbe wa neno moja tu: “Mambo?” Wagonjwa hao walikuwa wameanza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV) katika kliniki tatu: moja Pumwani, nyingine katika Hospitali ya Coptic kwenye Barabara ya Ngong, na ya tatu Kajiado. Mgonjwa alipewa saa 48 kujibu. Aliyekuwa salama aliandika “Sawa”. Aliyekwama aliandika “Shida”, na mhudumu wa kliniki akampigia simu. Aliyenyamaza pia alitafutwa.

Ujumbe huo haukutaja dawa, virusi wala hospitali. Mume, mwajiri au jirani aliyechungulia simu hiyo angeona salamu ya kawaida ambayo kila Mkenya hupokea mara kumi kwa siku.

Matokeo ya utafiti huo, uliojulikana kama WelTel, yalichapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 walishiriki. Katika kundi la 273 waliokuwa wakisalimiwa kila wiki, asilimia 62 walisema walimeza dawa zao walivyoagizwa. Katika kundi la 265 ambao hawakutumiwa ujumbe, walikuwa asilimia 50. Damu ilipopimwa, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliosalimiwa, na asilimia 48 ya wale wengine.

Hapakuwa na intaneti wala programu ya kupakua. Simu ya kabambe ilitosha. Dawa zilikuwa zile zile kwa makundi yote mawili. Kilichoongezwa ni mtu wa kuuliza hali, na wa kusikia pale mambo yanapoharibika. Ninaamini somo hilo ndilo kubwa kuliko yote ambayo Nairobi imeyapata katika miaka 40 ya ugonjwa huu: tembe hudhibiti virusi, lakini binadamu hurudishiwa hamu ya kuishi na binadamu wenzake.

Miaka ya upweke

Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kiligunduliwa mwaka 1984. Miaka mitatu baadaye Joe Muriuki, mfanyakazi wa Baraza la Jiji la Nairobi, alipimwa akapatikana na virusi. Wakati huo majibu ya namna hiyo yalikuwa sawa na hukumu ya kifo. Muriuki alitoka hadharani akasema hali yake, na anakumbukwa kama Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Aliishi hadi mwaka 2022.

Mwaka huo huo wa 1987, Asunta Wagura, aliyekuwa mwanafunzi, aliambiwa habari kama hiyo. Mwaka 1993 yeye na wanawake wenzake wachache walianzisha KENWA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi. Baadaye akawa anaandika safu katika gazeti la Daily Nation kuhusu maisha yake: dawa, malezi, mapenzi, maneno ya watu. Wasomaji wengi waliokuwa wakificha hali yao walijiona katika safu ile. Gazeti lililonunuliwa katika Barabara ya Kimathi na kusomwa kimyakimya ndani ya matatu liliwapa watu hao mwenzao wa kwanza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu waliojificha. Serikali ilisubiri hadi Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa za ARV zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006. Kabla ya hapo, aliyesema ukweli angeweza kufukuzwa kazi na kutolewa katika nyumba ya kupanga, asipate hata tembe ya kumtuliza.

Watoto nao hawakuachwa. Katika mtaa wa Karen, magharibi mwa jiji, padri na daktari Angelo D’Agostino alifungua makao ya Nyumbani mwaka 1992 kuwatunza mayatima wenye virusi. Watoto hao walipofikia umri wa kwenda shule, shule za umma jijini ziliwakatalia. Makao yalikwenda kortini, na Januari 2004 yakaafikiana na serikali kwamba watoto hao waandikishwe kama wengine. Kufikia wakati huo mradi wa Lea Toto, ulioanzishwa na makao hayo mwaka 1999, ulikuwa tayari ukiwahudumia watoto wenye virusi wakiwa majumbani mwao, ukianzia Kangemi.

Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima. Wana kazi, wapenzi, na baadhi wana watoto wasio na virusi. Walikua pamoja na simu ya mkononi, na ndani ya simu hiyo ndimo wengi wao walimopatana.

Swali la Ijumaa usiku

Chukua mfano wa mtu aliyepimwa katikati ya jiji Ijumaa alasiri. Ameanzishiwa dawa siku hiyo hiyo, kama utaratibu wa sasa unavyotaka. Anapanda matatu ya nambari 46 kuelekea Kawangware, kikopo cha dawa kiko mkobani, na kila gari linaporuka tuta anasikia tembe zikigonga. Anahisi kama abiria wote wanazisikia. Kliniki imefungwa, na daktari atamwona tena baada ya wiki kadhaa. Usiku huo ana maswali ambayo hawezi kumuuliza mtu yeyote nyumbani.

Hapo ndipo kundi la WhatsApp linapofanya kazi ambayo jengo la hospitali haliwezi kuifanya. Maswali yanayoulizwa humo ni yale yale kila mara, na ni ya msingi: Nimesahau tembe ya jana, nimeze mbili leo? Dawa inaninyima usingizi, nifanyeje? Nina mimba, mtoto atapona? Nitamwambiaje mchumba wangu?

Na majibu hutoka kwa waliokwisha kupita njia hiyo. Usimeze mbili, endelea na ya leo kwa saa yako. Wengi wanaokosa usingizi huhamishia dawa asubuhi, lakini mwambie daktari wako kwanza. Mama anayemeza dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi, mradi afuate kliniki. Tia pamba ndani ya kikopo, tembe hazitalia. Hilo la pamba halimo katika mwongozo wowote wa wizara ambao nimewahi kuuona, lakini limewaepusha watu wengi na aibu ndani ya matatu.

Jambo ambalo huwashtua wageni wa makundi haya zaidi ya yote ni la kisayansi. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa mtu kumwambukiza mwenzi wake. Tafiti zilizofuata zilikwenda mbali zaidi: mtu anayemeza dawa kila siku hadi virusi vikawa havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Kutoonekana ni kutoambukiza. Mtu anaweza kulisoma hilo kwenye bango la kliniki akaliona kama tangazo tu. Akilisikia kwa mwenzake aliyeoa, mwenye watoto wawili na mke asiye na virusi, huanza kuhesabu upya miaka aliyobakisha.

Kutoka kuulizwa hadi kuuliza

Tumaini ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kupata kazi ya kufanya na maisha hayo uliyorudishiwa, na hapa ndipo makundi haya yanaponigusa zaidi. Aliyeingia akilia, baada ya mwaka ndiye anayemkaribisha mgeni. Mama aliyejifungua salama huwa mshauri wa wajawazito wengine. Kijana aliyewahi kutupa dawa chooni huwakumbusha wenzake siku ya kliniki. Maumivu yake yamegeuka kuwa ujuzi ambao mwingine anauhitaji usiku huu.

Wengine wametoka katika makundi ya siri wakazungumza na nchi nzima. Doreen Moraa Moracha alizaliwa na virusi, mama yake akiwa navyo na baba yake hana. Mwaka 2015 alijitokeza hadharani, na tangu hapo amekuwa akitumia YouTube na mitandao mingine kueleza maisha ya mtu aliyekua akimeza dawa. Alichokifanya Muriuki kwa ushujaa wa peke yake, na Wagura kwa safu ya gazeti, kizazi cha Moraa kinakifanya kwa kamera ya simu, na vijana wanauliza na kujibiwa papo hapo.

Hata hivyo, kujitangaza si wajibu wa kila mtu. Uzuri wa kundi la siri ni kwamba mtu hupata wenzake bila kuanikwa. Yule mwenye jina la bandia na picha ya ua anastahili heshima sawa na yule wa YouTube.

Panapovuja

Lakini simu ile ile inayoficha inaweza kuumbua. Kupiga picha ya skrini ni kazi ya sekunde moja, na mtu mmoja mwenye chuki anaweza kutawanya majina ya wanakundi mtaa mzima. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri ya hali ya mtu, na imeunda mahakama maalum ya kusikiliza kesi za walioonewa kwa sababu ya HIV. Wanakundi wengi hawajui kwamba mahakama hiyo ipo.

Hata serikali imewahi kukumbushwa mipaka. Februari 2015 kulitolewa agizo la rais la kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, na maafisa wakatakiwa kuorodhesha majina. Shirika la kutetea haki la KELIN pamoja na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 agizo hilo likatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Kama serikali haina ruhusa ya kutengeneza orodha ya namna hiyo, basi hata msimamizi wa kundi la WhatsApp ajue kwamba orodha aliyo nayo mkononi ni amana.

Hatari ya pili ni matapeli. Mwaka 2011 maelfu ya Wakenya walivuka mpaka hadi Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila, na baadhi yao waliacha ARV wakiamini wamepona. Siku hizi huhitaji kusafiri. Muuza mizizi anaingia kundini akijifanya mgonjwa, anatoa ushuhuda, kisha anatuma nambari ya kulipia. Msimamizi asiyemwondoa mtu huyo mara moja anahatarisha maisha ya watu. Kundi zuri huwa na mhudumu wa afya ndani yake, au angalau nambari ya mmoja wa kumuuliza.

Wasiachwe wajitegemee

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kwa miaka zaidi ya 20 mpango wake wa PEPFAR ulikuwa nguzo ya huduma za HIV nchini Kenya. Kliniki kadhaa zilifunga milango, na miongoni mwa walioachishwa kazi walikuwa washauri rika, kina mama washauri na wale waliokuwa wakiwapigia simu wagonjwa waliopotea. Serikali imekuwa ikihamishia huduma za kliniki maalum za HIV (CCC) katika sehemu za wagonjwa wa kawaida. Hilo linaweza kupunguza unyanyapaa, lakini mgonjwa aliyezoea uso mmoja kwa miaka kumi sasa anakuta foleni ya wageni.

Wakenya takriban milioni 1.4 wanaishi na virusi. Makundi ya simu yamebeba sehemu kubwa ya mzigo ulioachwa na washauri hao, bila mshahara, na kwa bando zinazonunuliwa na wanakundi wenyewe. Hatuwezi kuendelea kuwategemea hivyo na kuwashukuru kwa maneno matupu.

Kwa Kaunti ya Jiji la Nairobi na Wizara ya Afya, ombi ni hili: waajirini washauri rika kwa fedha zetu wenyewe, na kila kliniki iwe na mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni kujibu simu za wagonjwa. Mbinu tunayo na ushahidi tunao tangu 2010. Mbinu hiyo ilijaribiwa hapa kwetu, kwa lugha yetu, na gharama yake ni ndogo.

Kwa wewe msomaji unayeishi na virusi na hujamwambia mtu, uliza kliniki yako kuhusu kundi lililo na msimamizi anayejulikana, na endelea na dawa. Na kwa wewe usiye navyo, huenda katika orodha ya majina iliyo simuni mwako kuna mtu anayebeba siri hii peke yake. Huna haja ya kuijua. Msalimie leo, na akikujibu kwamba ana shida, mpigie.