Mrina Asali Haui Msitu

Mnyonge hana haki, walinena wahenga. Nami nashikilia kwamba methali hiyo isigeuzwe sheria katika msitu wa Mau.

Waogiek wameishi humo tangu enzi za mababu zao, wakiwinda na kurina asali. Mzinga wao ni gogo lililochongwa na kutundikwa juu mtini. Mti ukianguka, nyuki huhama. Nyuki wakihama, asali ya chakula, dawa na matambiko hutoweka. Je, mtu wa namna hiyo ndiye adui wa msitu?

Hata hivyo, Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame, ati Mau ihifadhiwe. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ililikataa dai hilo. Iliona kuwa Mau iliharibiwa na wavamizi wengine, ugawaji wa ardhi uliofanywa na serikali, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa pasipo busara. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru Waogiek walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe, wapewe hatimiliki ya pamoja. Lakini Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Walimu na wanafunzi, tusidanganyike. Fidia huliwa ikaisha. Hatimiliki ndiyo itakayompa Mwogiek sauti ya kumwambia mwenye msumeno: hapa hupiti.