Je, Wajua? Kifuniko cha muda cha jino

Je, wajua kwamba kifuniko cha muda cha jino hubandikwa kwa gundi dhaifu makusudi? Daktari akishachonga jino, kifuniko cha kudumu huchukua kama wiki 2 au 3 kutengenezwa. Cha muda, ambacho aghalabu ni cha plastiki, hukinga jino lisiume kwa baridi na moto, na huzuia meno jirani yasisogee. Gundi ikiwa kali, kukitoa kutakuwa kazi.

Kwa mkazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1994 wilayani Dowa, Malawi, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe, uzembe mdogo ukikidondosha kifuniko hicho ni nauli nyingine ya kurudi kwa daktari mjini.

• Tafunia upande wa pili. Nsima, au bukari kwa Wakongo, haina neno; miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii acha kwanza.
• Piga mswaki taratibu. Uzi wa meno uuchomoe kwa pembeni, usiuvute juu.
• Kikidondoka, kihifadhi, usikibandike kwa gundi ya dukani, na umwone daktari mapema: meno yakisogea, kifuniko cha kudumu huenda kisiingie.