Mtoto Akikataa Uji, Apimwe

Katika vijiji vyetu vya pwani, kuanzia Mapinga na Kerege mpaka Kaole na Mlingotini, maneno haya husikika asubuhi nyingi: "Mtoto huyu hataki kula." Uji umepikwa. Umepoa. Mtoto anakunywa vijiko viwili, kisha anageuza uso. Baba anasema anadeka. Bibi anasema ni meno, au ni jicho la watu. Mama anamshika kwa nguvu na kumnywesha. Mtoto analia, anapaliwa, anatapika. Kesho yake mambo ni yale yale.

Leo tutaeleza yale ambayo waganga wa hospitali wameyagundua juu ya jambo hili.

Kukosa hamu ya kula huitwa na madaktari anoreksia. Iko ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ugonjwa wa akili. Mtu, mara nyingi msichana, anajinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, mpaka anakonda vibaya. Daktari William Gull wa London aliupa ugonjwa huo jina lake mwaka 1873. Ni ugonjwa wa kweli, na mtu anaweza kufa kwa huo. Lakini leo hatuusemi huo.

Namna ya pili ndiyo iliyo majumbani mwetu. Hapa mtu hana hamu ya kula kwa sababu ana ugonjwa mwingine mwilini. Malaria huondoa hamu ya kula. Surua huiondoa. Kifua kikuu na vidonda vya mdomoni huiondoa pia. Magonjwa hayo wazazi huyaona, maana yana homa, kikohozi au maumivu. Lakini yako mawili yanayoingia polepole, bila kelele. Nayo ni minyoo ya safura na upungufu wa damu.

Mnyoo wa safura ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimita moja. Hukaa ndani ya utumbo, huung'ata na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo sana kwa siku. Lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na minyoo mamia. Mayai yake hutoka na choo kikubwa. Yakianguka penye mchanga, joto, unyevu na kivuli, huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka hungoja hapo mpaka mguu mtupu upite, kisha hupenya ngozi. Sasa itazame ardhi yetu chini ya minazi na mikorosho. Ni mchanga, ina joto, ina unyevu, ina kivuli. Minyoo hii haikukosea kuchagua pwani.

Damu ikinyonywa kila siku, mwili hupungukiwa na madini ya chuma. Chuma ndicho kinachotengeneza damu nyekundu. Viganja vya mtoto huwa vyeupe, na ndani ya kope la chini pia. Huchoka upesi. Wengine huanza kula udongo. Na hamu ya chakula hupotea. Asipokula, damu haiongezeki. Damu isipoongezeka, hamu inazidi kupotea. Mtoto anazunguka hapo hapo kama ngamia wa kinu.

Je, mambo haya yalijulikanaje? Watu wa Bagamoyo wanaujua utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa. Chanjo mbili za malaria, ile ya RTS,S na ile ya R21, zilijaribiwa Bagamoyo pamoja na mahali pengine Afrika, kabla Shirika la Afya Duniani halijazikubali mwaka 2021 na 2023. Wazazi waliopeleka watoto wao wanakumbuka utaratibu. Watoto wengine walipewa chanjo hiyo, wengine walipewa chanjo nyingine, kisha makundi yakalinganishwa. Hamu ya kula nayo imepimwa kwa njia ya namna hiyo.

Kule Kenya walifanya kazi wataalamu Lani Stephenson na Michael Latham. Huyu Latham alizaliwa Kilosa mwaka 1928, na alipata kuwa daktari katika Wizara yetu ya Afya. Katika utafiti waliouandika mwaka 1993, walichukua wavulana wa shule wenye minyoo. Wengine walipewa dawa ya minyoo, albendazoli, mara moja tu. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi minne wale waliopewa dawa walikuwa wamekua zaidi, wana nguvu zaidi, na wanapenda chakula zaidi.

Mwaka 1994 ukatoka utafiti mwingine wa Kenya, wa wanafunzi 87. Kwa wiki 14 wengine walimeza kidonge cha chuma kila siku, wengine kidonge kitupu. Hamu ilipimwa kwa chakula cha katikati ya asubuhi. Kila mtoto aliachwa ale mpaka atosheke, na kile alichokula kikapimwa. Wale wa chuma walikula zaidi, karibu sehemu moja ya kumi. Hakuna aliyewalazimisha. Mwili ulipopata chuma, wenyewe uliomba chakula.

Kisiwani Pemba walipimwa watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Walipewa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, au chuma kidogo kila siku, au vyote viwili, au dawa tupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Dawa ya minyoo iliwaongezea watoto hamu ya kula, na iliwasaidia kukua na kuongeza damu. Chuma nacho kiliongeza hamu ya kula.

Hapa msomaji atasema: "Basi nakwenda dukani kununua dawa ya kuongeza damu." Ngoja kwanza. Kwa maoni yangu, haya yanayofuata ndiyo makubwa kuliko yote katika makala hii.

Huko huko Pemba ulifanywa utafiti mwingine, mkubwa zaidi, wenye watoto zaidi ya 24,000. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi sana kisiwani. Watoto wengi walipewa chuma kila siku bila kupimwa damu kwanza. Watu walitegemea mema. Lakini mwezi Agosti 2003 ilibidi kusimamisha chuma. Watoto waliopewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yaliandikwa mwaka 2006. Tuseme hivi: pale ambapo watoto 100 wasiopewa chuma walipatwa na mambo hayo, kwa wale wa chuma walikuwa 112, katika idadi ile ile ya watoto.

Kulikuwa na kundi dogo ambalo damu yao ilipimwa, na wenye malaria wakatibiwa mapema. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli walifaidika nacho. Basi chuma kinamfaa anayekihitaji, na mwenye malaria atibiwe malaria. Nani anakihitaji? Huwezi kujua kwa kumtazama mtoto uso. Muuza duka naye hajui. Kipimo ndicho kinachojua.

Kwa hiyo, mtoto akikataa chakula siku mbili tatu, mpeleke zahanati. Akiwa na homa, akitapika kila kitu, au akishindwa kunyonya, usingoje hata siku moja. Omba apimwe malaria, wingi wa damu, na choo chake kitazamwe kama kina mayai ya minyoo.

Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano atapimwa pia mkono kwa utepe. Mzingo ukiwa chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikiwa imevimba, ana utapiamlo mkali. Hapo hamu ya kula yenyewe inakuwa kipimo. Muuguzi humpa mtoto chakula maalum kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa, mafuta, sukari na vitamini. Chakula cha namna hii kilibuniwa Ufaransa mwaka 1996. Mama hukaa mahali patulivu na kumpa taratibu, bila kumlazimisha. Mtoto akila vizuri, na hana ugonjwa mwingine mkubwa, hutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, hulazwa. Mama asikasirike akiambiwa alale hospitali kwa sababu mtoto amekataa kula tu. Mtoto aliyekonda hivyo akikataa chakula, mwili wake uko katika hatari. Huko wodini huanza na maziwa maalum, kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafula. Chuma hakipewi siku za mwanzo. Hungoja mpaka mtoto aanze kula vizuri na kuongezeka uzito.

Nyumbani, acha kumshika mtoto kwa nguvu. Anayelazimishwa hujifunza kukiogopa kijiko. Mpe kidogo, mara nyingi. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizotwangwa au tui la nazi. Dagaa waliosagwa wana chuma, tena bei yake si ya nyama. Mchicha na kisamvu ni vizuri, na ukimpa chungwa pamoja navyo mwili hupata chuma zaidi. Chai iwe mbali na chakula, maana huzuia chuma. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Dawa ya minyoo bila choo ni kuteka maji kwa pakacha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa vijijini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Wazee wetu wengi bado wanaikumbuka. Mashimo mengine ya wakati ule yamejaa au yamebomoka, na nyumba nyingine hazikuchimba tena. Watoto wao huenda vichakani, pembeni ya njia wanayopita wenzao kwenda shule, wengi bila ndara.

Kila mwaka, mwezi Juni na Desemba, watoto hupewa dawa ya minyoo pamoja na matone ya vitamini A. Vitamini A ni kuanzia miezi sita, dawa ya minyoo ni kuanzia mwaka mmoja, mpaka miaka mitano. Wa shule hupewa shuleni. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Mwambie muuguzi tangu lini hataki kula. Na kama umemwona akila udongo, mwambie na hilo, hata kama unaona haya.