Karagosi Arejea Nyumbani

Majuzi nilipanda hadi Waithaka, kule jijini Nairobi, kumjulia hali mpwa wangu. Tulipokwisha kuswali Isha, wanawe wakazima taa, wakatundika shuka nyeupe mlangoni na kuwasha kurunzi nyuma yake. Mara vikazuka vivuli viwili, vikigombana.

"Nini tena hiki?" nikauliza.

"Makaragosi, Babu! Tuliyaona Uturuki."

Kumbe wakati wa likizo baba yao aliwachukua Istanbul, akawapeleka kuutazama mchezo wa Karagöz. Fundi mmoja hukaa nyuma ya kitambaa, akachezesha kwa vijiti sanamu bapa za ngozi ya ngamia au ng'ombe, na zote akazisemea yeye, kila moja kwa sauti yake. Karagöz ni mtu wa mtaani, hakusoma lakini ulimi wake wembe. Mwenzake Hacivat ni msomi wa maneno ya fahari. Hawaelewani hata kidogo, na kicheko kimo humo. Zamani mchezo huu ulikesha mikahawani usiku wa Ramadhani, na mwaka 2009 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sasa zingatia, msomaji. Neno letu "karagosi" ndilo Karagöz lilo hilo, na maana yake kwa Kituruki ni "jicho jeusi". Lilipitia kwa Waarabu likatua pwani yetu. Watoto wamesafiri mbali kwenda kukutana na neno lililokuwa nyumbani siku zote.

Yule mdogo akanigeukia: "Babu, na kwetu Mombasa, Karagöz wetu ni nani?"

Swali likanichoma. Tunaye Abunuwasi, ambaye mabibi zetu walitusimulia mkekani hata usingizi ukatuchukua. Watoto hawa hawajapata kumsikia. Kosa si lao. Ni letu sisi wazee, tulioiachia televisheni kazi yetu.

Usiku ule nikawapa kisa cha Abunuwasi aliyeazima sufuria, akairudisha akidai imezaa, na alipoazima tena akadai imekufa. Kulipokucha nikawakuta sakafuni, mkasi mkononi, wanakata maboksi: sufuria mama na sufuria mtoto.

Mwenye uwezo na awatembeze wanawe, waone ya watu. Lakini warudipo, wamkute mtu mkekani wa kuwasimulia ya kwao. Mwacha asili ni mtumwa.