Gramu Moja ya Baruti Inazaa Nini?

Watu wengi wanaochagua bunduki ya kuwindia huipima risasi kwa ukubwa wa ganda lake: ganda refu lenye baruti nyingi lina nguvu, kwa hiyo ndilo bora. Nguvu inayo kweli. Ubora ni suala jingine, kwa sababu kinachosahauliwa ni kile ambacho kila gramu ya baruti inakizalisha. Gramu moja ya baruti ya kisasa ina takriban jouli 4,000 za nishati. Fataki iliyo kwenye kitako cha ganda ikigongwa, baruti huwaka, gesi yake inakisukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu, na kazi yote humalizika kwa muda unaokaribia elfu moja ya sekunde. Kichwa kinaondoka na theluthi tu ya nishati hiyo, mara nyingi pungufu. Sehemu kubwa ya iliyobaki huishia kuupasha mtutu joto au kutoka mdomoni mwake ikiwa gesi ya moto, nao ndio mlipuko unaoumiza masikio.

Tuzitazame risasi tatu za Marekani, zote za mtutu wa milimita 7.62, zikirusha kichwa cha gramu 11.7. Ile ya .308 Winchester hutumia baruti gramu 2.9 hivi na kufikia kasi ya mita 800 kwa sekunde. Ya .30-06, iliyoingia jeshini mwaka 1906, hutumia kama gramu 3.6 kufikia mita 823. Ya .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, huchoma kama gramu 4.7 kufikia mita 900. Ukikokotoa, kila gramu imezaa jouli zipatazo 1,300 kwa ya kwanza, 1,100 kwa ya pili na 1,000 kwa ya tatu. Yaani baruti imeongezwa kwa zaidi ya asilimia 60, nishati ya risasi ikapanda kwa chini ya asilimia 30. Tundu la kupitia ni lilelile, na urefu wa mtutu haujabadilika sana, hivyo gesi nyingi zaidi inafika mdomoni ikiwa bado na shinikizo kubwa. Isitoshe, baruti yenyewe ni mzigo: gesi yake nayo lazima isukumwe mbele, na hilo hulipwa begani. Kwa bunduki zenye uzito sawa, teke la Magnum huipita .308 kwa nusu au zaidi, na moto wake hula koo la mtutu mapema.

Kuna anayeweza kusema kwamba ulinganisho huu unaionea .30-06. Ana hoja. Ganda la .308, lililouzwa kuanzia 1952 likiwa na urefu wa milimita 51 badala ya 63, lilibuniwa wakati baruti imeboreshwa, na linaruhusiwa shinikizo kubwa kidogo. Sehemu ya ufanisi wake imetoka huko. Lakini hoja hiyo haiiokoi Magnum, ambayo nayo hupakiwa kwa shinikizo kubwa na bado inaachwa nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwindaji hali asilimia. Anayempiga mnyama upande wa pili wa bonde anahitaji risasi inayoshuka kidogo, na kwake mita 100 za ziada kwa sekunde zina thamani. Nakubali, ilimradi ajue bei yake, kwa sababu anayeliogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua mamia ya tembo kwa risasi ndogo ya milimita 7 yenye ganda la milimita 57. Mauaji yale yananiuma, siyasifu; lakini alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na shabaha ikafanya kazi ambayo wengine waliitafuta kwenye baruti.

Kwa nyati, shabaha peke yake ni hatari, na hapo nguvu zaidi ni ya lazima. Hata hivyo, ipo njia nzuri ya kuipata. Risasi ya .375 Holland & Holland, ya mwaka 1912, hutumia baruti isiyozidi sana ile ya .300 Magnum, lakini hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa nishati ya jouli 5,700 hivi, dhidi ya 4,700 za mwenzake. Mtutu wake ni mpana zaidi, na gesi inapata eneo kubwa la kusukuma.